Kesho Asubui Nitakupiga

Nilimkata shemeji yangu vidole viwili siku ya Jumanne, wakati wa chai ya asubuhi, mbele ya binti yangu. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyewahi kumsimulia habari hii alitaka nianze na msiba, ili anionee huruma kwanza. Msiba nitaufikia. Lakini anayesoma na ajue tangu mwanzo yuko na mtu wa namna gani.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Nilizaliwa Githongo huko Meru, kwenye kahawa, nikaolewa upande wa Runyenjes, kwa Waembu. Hasira sikuipata ukubwani. Kwetu kulikuwa na mkanda wa ngozi nyuma ya mlango. Baba alimpiga mama, mama akatupiga sisi, sisi tukampiga mbwa, na mbwa, kwa kuwa hakuwa na wa kumpiga, akaua kuku. Hakuna aliyeona ajabu. Nilipokuwa mwalimu sikugusa mwanafunzi kwa kiboko, sheria imekataza, lakini kalamu yangu nyekundu ilichana karatasi. Mtoto akiniandikia "kitabu yangu", nilikuwa nikikandamiza kalamu hadi alama itokee ukurasa wa nne.

Mume wangu alifariki kwa lori la maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, lililokatika breki kwenye mteremko. Alikuwa amekaa nyuma ya bodaboda, amepakata mtungi wa maziwa. Mimi ndiye niliyeitwa kumtambua, nikamtambua kwa kiatu, kwa sababu nilikuwa nimekishona mwenyewe Jumamosi iliyopita. Mengine ya mwili ule sitayaandika.

Kwenye matanga mama mmoja wa kanisa alinishika bega akaniambia Mungu amempenda zaidi. Nilimjibu kwamba basi ampende na mume wake. Nikalipiga teke sufuria la chai, likamwagikia miguu ya wanawake watatu. Walinitoa jikoni wakiwa wamenishika mikono yote miwili, na hata hivyo nilimuuma mmoja wao.

Siku ya mazishi msalaba wa mbao ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe na mdogo wa marehemu, huyo shemeji. Alikuwa ameandika RARA KWA AMANI. Huku kwetu L na R ni watoto wa tumbo moja, mtu humwita mmoja akaja mwingine, na yeye aliacha shule darasa la saba. Umati wote uliona. Wanafunzi wangu waliokuja kunipa pole waliinamisha vichwa, na nikajua hawalii. Nilitamani kuung'oa ule msalaba nimpige nao.

Huyo shemeji boma lake na letu yalitenganishwa na mstari wa nepia, ile nyasi ya kulisha ng'ombe. Ni mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Aliniita Mwalimu, siyo shemeji, tangu siku niliyoletwa. Kiembu chake na Kimeru changu vinasikilizana bila mkalimani, lakini kwenye simu, aliyoipenda kuliko kuvuka ile nepia, aliniandikia Kiswahili kila mara. Alisema mwalimu wa Kiswahili haandikiwi lugha ya kienyeji, ni kama kumpa mchungaji kiti cha jikoni. Mimi na mume wangu tulikuwa tukisoma jumbe zake kitandani na kuhesabu makosa, mume wangu akicheka hadi anakohoa.

Miezi miwili baada ya mazishi, Jumatatu moja, nilitoka shuleni nikakuta amekata nepia ya upande wangu. Alikuwa akiikata miaka yote, kwa sababu ng'ombe wake ndiye tuliyekunywa maziwa yake wote. Nilijua hivyo. Lakini siku ile nilikuwa nimeshinda na watu wakiniambia pole, na mtu akiambiwa pole kutwa hutafuta mahali pa kuitua. Nilimwita mwizi.

"Mwalimu, hii nyasi si ni ya ng'ombe?" alisema. "Ng'ombe ni ya sisi wote."

"Umengoja kaka yako aoze ndipo uanze kula shamba lake!"

"Usiongee hivyo."

"Nitaongea! Wewe ni wa kuniambia nini? Hata msalaba wa kaka yako ulikushinda kuandika. Umemzika na aibu. Rara! Rara!"

Alitupa mzigo chini akanijia hadi pumzi yake ikanipiga usoni. Aliinua mkono. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akipepeta maharagwe, akapiga unyende. Shemeji akaushusha mkono ule polepole, akaligonga debe la maji kwa teke likabonyea, akaenda zake. Nilibaki nimesimama pale pale. Nilikuwa nimesikitika kwamba hakunipiga, maana angenipiga ningepata sababu.

Jioni ile ujumbe ukaingia. Naukumbuka kwa nukta zake: "Mwalimu. Kesho asubui nitakupiga."

Dakika chache baadaye stima ikapotea mtaa mzima, na simu yangu, iliyokuwa imebakisha chaji kidogo, ikazima. Sikuhitaji kuusoma mara ya pili. Nilitoa panga la kupogolea kahawa, nikatafuta tupa, nikaketi kwenye ngazi kulinoa huku binti yangu akinitazama. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliniuliza ninakata nini. Nikamwambia nyasi.

Asubuhi nilimsikia akiita langoni. "Mwalimu! Uko mteja! Mwalimu!"

Nilitoka na panga nimelificha kwenye mkunjo wa kanga. Alikuwa amevaa koti la marehemu, lile tulilompa. Aliponiona aliingiza mkono wa kulia ndani ya koti kutoa kitu, na mimi sikungoja kujua ni kitu gani. Nilikata mara moja. Sikuwahi kukata kitu kikakatika vizuri namna ile. Kidole cha mwisho na kinachokifuata vilianguka kwenye matope, na kati yake ikaanguka karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," alisema, "ni nini?"

Nyuma yangu kikombe kikavunjika. Ni binti yangu, alikuwa amenifuata na chai yake.

Hospitalini shemeji alisema alijikata akikata nepia. Hakuna polisi aliyeitwa, hakuna chifu. Mama mkwe ndiye aliyehukumu. Alisimama mlangoni pangu na damu ya mwanawe kwenye aproni.

"Mmoja wangu ameuawa na lori," alisema. "Wa pili nimemkuta kwa mkono wako. Enda kwenu, mkono wako upoe. Mtoto atabaki hapa. Siku huyu uliyemkata atasema mwenyewe urudi, utarudi. Asiposema, usije."

Niliomba likizo bila mshahara, nikapanda kwenda Githongo kwa mama yangu. Nilidhani ni wiki moja au mbili. Ikawa miezi saba.

Kule nilipiga vitu. Nilivunja kibuyu cha uji ambacho mama alikipata kwa nyanya yake. Nilimpiga teke mbuzi hadi akachechemea wiki nzima. Nilipopewa kazi ya kupogoa kahawa nilikata matawi mabichi na makavu pamoja, hadi mama akaninyang'anya panga akasema heri mchwa kuliko mimi. Na kila nilipokata nilimwona yule mtu wa koti, na hasira yangu ilikuwa bado ni juu yake. Alinitishia. Aliandika kwa mkono wake. Nilikuwa na ushahidi kwenye simu. Nilijisemea hivyo kila siku nikipiga mswaki.

Jumapili ndiyo siku niliyoruhusiwa kuongea na mtoto, kwa simu ya mama mkwe. Alikuwa akinijibu ndiyo na hapana. Jumapili ya nne au ya tano, kabla hata ya salamu, aliniuliza swali.

"Mama, huko kwa shosho kuna panga?"

Githongo kwa nyanya yake ni nchi ya kahawa. Nyumba isiyo na panga hakuna.

"Hakuna," nikamwambia.

Nilijua hakuniamini. Halafu akasema, "Sawa, mwalimu." Mtoto wangu wa kuzaa aliniita mwalimu, kama anayeongea na mtu wa ofisini. Nilikaa chini pale pale kwenye mbolea ya ng'ombe nikalia kwa sauti, na mama akatoka akidhani nimeumwa na nyoka.

Mwalimu mwenzangu, anayekaa dawati la pili kutoka kwangu, alikuwa amenitumia kiungo siku nyingi. Alisema ni ushauri nasaha wa mtandaoni, unaongea na mtu wa mbali, hakuna anayekuona ukiingia mlango gani. Nilikuwa nimempuuza. Kwenda kwa mshauri wa hospitali ya hapa ni kutangaza. Kabla hujafika kwenye benchi mama mboga ameshajua shida yako. Kwa mchungaji nako nilijua kungekuwa na maombi ya kufunga, na mimi ningekuwa mfano kwenye mahubiri. Nikakifungua kile kiungo.

Kwanza kulikuwa na fomu. Fomu yenyewe ilinipandisha. "Je, unapitia hasira?" Hasira haipitiwi kama duka. "Je, una mawazo ya kujidhuru nafsi yako au nafsi ya wengine?" Nikayasahihisha yote kichwani, maneno, vituo, upatanisho wa kisarufi, kisha nikabonyeza "mara kwa mara" kwenye kila kitu. Hapo chini waliuliza unataka mshauri anayeongea lugha gani. Nikachagua Kiswahili. Nilitaka kumkamata na makosa.

Wakanipa mama mmoja wa Pwani. Jina lake silitaji, na sura yake siijui hadi leo, maana mtandao wetu haukubali picha. Nilikuwa nikimpata kila Alhamisi saa tisa alasiri, kwenye kipande kimoja tu cha shamba ambapo simu inashika vizuri: juu kabisa kwenye matuta, kando ya tangi la maji. Nilikaa kwenye jiwe, miguu kwenye majani ya kahawa, simu sikioni.

Hakukosea hata mara moja. Kiswahili chake kilikuwa kimelala sawa, hakikutafuta neno. Mimi nimekifundisha miaka kumi na minne na nimekipata kwa kukariri, yeye alikinyonya. Nilimchukia kwa hilo peke yake wiki mbili za kwanza.

"Karibu, dada. Hali yako?"

"Mbaya. Ndiyo sababu nimekupigia."

"Haya. Nieleze ubaya wenyewe."

"Wewe utaelewa nini? Huko kwenu watu wanaoneshana adabu. Huku tunaoneshana panga."

"Sijui panga," alisema. "Nifundishe."

Nilimfundisha. Nilimpa yote, lori, kiatu, sufuria, nepia, vidole. Nilisimulia kwa ukali kusudi akate simu. Hakukata. Alhamisi ya tatu aliniuliza swali lililokuwa limenikaa kooni tangu Jumanne ile.

"Ulipoiona damu, ulihisi nini? Siyo baadaye. Pale pale."

Ningeweza kusema huzuni. Ningeweza kusema hofu.

"Nafuu," nikasema. "Nilihisi nafuu. Kama jipu limepasuka. Tangu mume wangu afe, hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipumua."

Nilipojisikia nikisema hivyo nilirusha simu. Iligonga tangi la maji, ikadunda, ikaanguka kwenye mtaro kioo kikiwa nyufa tupu. Nikasimama pale nikihema. Kutoka kwenye majani nikaisikia sauti ndogo.

"Bado nipo, dada. Simu imeanguka au umeitupa?"

Nilipiga magoti nikaiokota. "Nimeitupa."

"Ahsante kwa kunambia kweli. Tuendelee, au tupumzike?"

Sijui kama wewe unayesoma umewahi kumrushia mtu kitu asiondoke. Mimi sikuwa nimewahi. Kwetu ukirusha kitu, mtu hukimbia au hukirudisha kichwani mwako.

Alinipa kazi ya nyumbani, na mimi ni mtu wa kutoa kazi za nyumbani, siyo wa kupewa. Alisema hasira ikija nisishindane nayo, niuulize mkono wangu unataka kufanya nini, kisha niseme jibu kwa sauti kabla mkono haujasogea. Niliona ni upuuzi wa watu wenye muda. Lakini nilijaribu kwenye kahawa. "Mkono, unataka nini?" "Kukata." "Kukata nini?" Mama alinisikia kutoka zizini. Aliwaambia majirani kwamba binti yake sasa anaongea na mkono, na mkono unamjibu.

Siku moja jikoni mama alinichokoza. Alisema yeye alipigwa na baba miaka ishirini na mitano na hakumkata mtu hata ukucha, na kwamba sisi wanawake wa vitabu tumekuwa laini. Nilikuwa nimeshika ukuni unaowaka upande mmoja. Niliona mkono ukipanda. Niliuona kabisa, kama wa mtu mwingine.

"Mama," nikasema, "mkono wangu unataka kukupiga."

Mama hakuinuka kwenye kigoda. Alinitazama, akautazama ukuni.

"Uambie mkono wako uniletee kuni," alisema. "Huu moto unazima."

Nikaleta kuni. Alhamisi nilipomsimulia yule mama wa Pwani alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kinene, na mimi nikacheka pia, nikiwa peke yangu kando ya tangi.

Ilikuwa mwezi wa pili wa maongezi yetu, unaelekea wa tatu, aliporudi kwenye ule ujumbe. Aliniomba niusome jinsi ulivyo. Nikausoma kwa ukali wangu wa darasani, neno kwa neno. Nitakupiga. Kauli ya kutenda. Mtenda ni yeye, mtendwa ni mimi.

"Ni kitisho," nikasema. "Hakuna njia nyingine ya kuliangalia neno hilo."

"Kabla ya siku hiyo," aliuliza, "huyu shemejio alishawahi kukupiga?"

"Ananipiga kila Jumapili," nikasema.

Nilidhani mtandao umekatika.

"Kila Jumapili?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hukunambia hilo. Tangu lini?"

"Tangu niolewe. Tukitoka kanisani tu, ananipiga. Akinikosa ananipiga tena jioni."

"Na mumeo alikuwa anajua?"

"Alijua, naye alikuwa anapigwa. Hata mama yangu humpiga huku..."

"Dada, ngoja kidogo. Anawapiga kwa nini?"

"Kutujulia hali," nikasema.

Na hapo nikalisikia neno langu mwenyewe. Nilisikia maji yakidondoka ndani ya tangi. Yule mama alikuwa ameelewa sekunde moja kabla yangu, nikasikia akivuta pumzi.

Miaka kumi na minne nimesimama ubaoni nikiandika piga, pigia, kata, katia, lia, lilia. Kauli ya kutenda, kauli ya kutendea. Nimewapunguzia watoto alama kwa kuimeza ile i. Nikirudi nyumbani, nikivua viatu vya shule, mimi mwenyewe huimeza. Huku juu sote tunaimeza. Tunapigana kutwa nzima kwa simu na hakuna anayeumia.

Nilifungua jumbe zake za zamani kwenye kile kioo chenye nyufa. Nilipanda juu, miezi, mwaka. "Mwalimu nimekupiga mara tatu hukusika." "Ukifika Meru unipige." "Mama anasema umpige ako na homa." "Nitakupiga nikitoka sokoni." Tulizisoma hizo na mume wangu kitandani tukihesabu makosa. Tulihesabu h zilizopotea na sh zilizogeuka s. Hiyo i hatukuihesabu hata siku moja, kwa sababu hatukuiona. Hatukuiona kwa sababu ilikuwa yetu pia.

Kwa hiyo aliniambia atanipigia simu. Akapiga, simu imezima, nikawa mteja, yule asiyepatikana. Akaja kwa miguu.

Yule mama alingoja. Nilipopata sauti nilimwambia mambo yamekwisha basi, lilikuwa kosa la kusoma tu, msiba ulinifunga macho. Nilikuwa nimeshaanza kujitafutia kivuli cha kukaa.

"Hapana," alisema. Ndiyo siku pekee aliyonikatalia. "Kosa la kusoma ni moja, panga ni jingine. Tusilifunike hili kwa lile. Hata angekutishia kweli, ulikuwa na mlango wa kufunga na majirani wa kuwaita. Wewe ulinoa."

Nilimchukia tena kwa muda wa dakika kumi. Kisha nikamwambia ahsante, na neno hilo lilinitoka kwa shida kama jino.

Kazi ya miezi iliyofuata ilikuwa kukaa na lile jambo bila kulipiga. Ni kazi ngumu kuliko kuchuna kahawa kwenye mvua. Nilitaka kujiumiza, nikasema kwa sauti. Nilitaka kuvunja tangi, nikasema kwa sauti. Siku nyingine nilisema kwa sauti nikiwa njiani kwenda kanisani na watu wakapishana nami kwa mbali. Aliniuliza mara moja ile karatasi iliyoanguka ilikuwa ya nini. Nilimwambia sijui. Nilikuwa sijawahi hata kujiuliza.

Mwishoni mwa mwezi wangu wa saba kule Githongo niliandika ujumbe. Niliandika barua ndefu ya Kiswahili sanifu yenye msamaha, utangulizi na hitimisho, nikaifuta. Nikaandika fupi, nikaifuta. Mwishowe niliandika maneno manne, na h nikaiacha kusudi: "Shemeji. Kesho asubui nitakupiga."

Mshauri wangu angenikataza, kwa hiyo sikumwambia. Najua ilivyokuwa. Mwanamke aliyekukata vidole anakuandikia hivyo. Akiusoma kama nilivyousoma wake, ataukimbiza polisi, na polisi watakuwa na haki, na mtoto wangu nitamwona kwa picha. Akiusoma kwa lugha yetu atajua nimeelewa. Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia nimeelewa. Niliubonyeza uende, nikaenda kupasua kuni, nikapasua za mwezi mzima.

Jibu lilikuja jua likikaribia kuzama.

"Sawa mwalimu. Nitasika na ya kusoto."

Mkono wa kushoto. Niliketi kwenye gogo nikalishika shoka kwa magoti ili lisianguke.

Asubuhi nilipanda kwenye tangi. Nikapiga; simu ililia muda mrefu, nikafikiria ule mkono wa kushoto ukihangaika na mfuko.

"Alo," alisema.

"Shemeji."

"Mwalimu."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia nilimkata, kwamba hakunikosea kitu, kwamba nilinoa lile panga jioni nzima nikijua nitalitumia, kwamba lilinipa nafuu, na kwamba sitaki aniambie si kitu. Nilisema yote bila kupumua. Kule ng'ombe alikuwa akilia.

"Si kuwa si kitu," alisema. "Ni kitu. Kukamua siwezi, ni mama anakamua. Hiyo mwezi ya kwanza mimi pia nilinoa yangu, nikuje huko Githongo. Nilikuwa nimejua mpaka gari nitapanda. Mama akaificha kwa choo, ndani kabisa."

"Ungekuja ningestahili."

"Ningekuja tungekuwa tumemaliza huyo mtoto." Akamkemea ng'ombe. "Mwalimu, ile siku nilikuwa nimekuletea karatasi."

"Niliiona ikianguka."

"Fundi alikuwa anakuja na simiti, tutengeneze msalaba ya kukaa. Si ulisema niliandika vibaya? Nikasema wacha safari hii mwalimu aone kwanza. Nikakupiga, uko mteja. Nikaona fundi ameshatoka kwake, nikakimbia huko."

Kioo cha simu kilikuwa kinanikwaruza shavu.

"Na msalaba?" nikamuuliza baadaye.

"Uko. Fundi aliuweka, lakini hauna kitu, uko tu mweupe. Nilimwambia asiandike, mwalimu hajasahihisha." Akakohoa. "Hiyo rara. Inaanza na gani?"

"L," nikasema. "Zote mbili ni L."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, shemeji."

"Basi kuja uandike wewe mwenyewe. Mimi siku hizi karamu hainikai kwa mkono."

Nilisikia mlango ukifunguliwa upande wake, na miguu ya mtu asiyevaa viatu ikija mbio kwenye sakafu, na sauti niliyoijua ikiuliza ni nani huyo kwa simu.

"Ni mama yako," akamjibu. "Amenipiga."